Shahidi wa Mama Shantel

Watu wa Ndabibi wakisimulia habari za Akeyo huanzia kwenye moto, utadhani mwanamke huyo hakuwahi kuishi kabla nyumba yake haijaungua. Hilo si haki. Aliishi, tena kwa jasho. Alizaliwa katika nyumba za reli kule Nakuru, zile za chumba kimoja zilizopangwa mistari nyuma ya stesheni, ambako baba yake alikuwa fundi wa mabehewa na mama yake akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, mlangoni. Nyanza, asili ya wazazi wake, aliijua kwa matanga tu. Walikwenda kuzika, wakalala siku kadhaa kwa watu waliomwita binti wa mjini, wakarudi. Alipoulizwa kwao ni wapi alijibu Nakuru, na wazee wa ukoo wakacheka wakifikiri anatania.

Aliolewa na Odera, mlinzi katika mitambo ya mvuke upande wa Olkaria, na yeye mwenyewe akapata kazi kwenye shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha. Kazi yake ilikuwa kupanga waridi kwa urefu wa mashina, akisimama kutwa nzima katika chumba baridi na vidole vimejaa miiba. Wazungu waliopokea maua hayo hawakuwahi kumwona, na yeye hakuwahi kununua ua hata moja maishani mwake. Alinunua mbao. Kila mwisho wa mwezi mbao mbili tatu, mara mfuko wa saruji, mara kilo ya misumari, akiviweka kwa rafiki mpaka yeye na Odera walipopata kipande cha shamba Ndabibi, chini ya vilima vya Eburru. Hapo ndipo waliposimamisha nyumba ya vyumba vitatu, sakafu ya saruji, na dirisha la kioo upande wa barabara. Akeyo alilipangusa dirisha hilo kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani.

Odera hakuifaidi sana. Kifua kilimwondoa mapema, na ndugu zake wakaja na gari kuuchukua mwili wakauzike Siaya, kama ilivyo desturi. Akeyo alikwenda, akakaa matanga mpaka yakaisha, kisha akafunga kitenge chake na kusema anarudi kwake. Shemeji yake, Ouma, akamkumbusha kwamba kwa mke ni pale mume alipolala. Akeyo akamjibu kwamba Odera amelala, yeye bado yuko macho. Maneno hayo yalimtoka kwa hasira na hayakusahauliwa. Ouma alisema mbele ya watu kwamba atamwacha huko kwa sababu kuna nyumba, na nyumba ya marehemu haifukuzi mtu. Siku nyumba itakapokuwa haipo, shamba litauzwa na mjane atarudi nyumbani kama wenzake.

Jirani yake pale Ndabibi alikuwa mzee Waithaka. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, mdomo usiochoka, na mke, Wangui, ambaye alisema kidogo kwa sababu nafasi ya kusema ilikuwa imeshachukuliwa. Waithaka alimwuzia Akeyo maziwa na kumwongezea kikombe kila mara akidai mkono umeteleza. Walipakana kwa ua wa miti ya kei yenye miiba, na mahali fulani ua huo ulikuwa umetobolewa njia ndogo na miguu ya wanawake wawili wanaoazimana chumvi.

Kisha ukaja ule mwezi wa Januari wa mwaka 2008, ambao kila mtu wa Bonde la Ufa anaujua na wengi hawapendi kuutaja. Fujo za baada ya uchaguzi zilipofika Naivasha, majina ya watu yaligeuka hukumu. Waithaka alikuja kwa ile njia ya ua, akamchukua Akeyo na binti yake Shantel, aliyekuwa na mimba ya kukaribia kuzaa, akawaficha ghalani nyuma ya magunia ya viazi. Vijana walipopita wakiuliza yule Mjaluo yuko wapi, Waithaka aliwaambia alikwishakimbia na wakamate barabara ya Narok kama wana haraka. Alikaa mlangoni mwa ghala akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya mpaka walipoondoka. Nyumba ya Akeyo haikuguswa. Shantel alijifungua mtoto wa kike wiki hiyo hiyo, na Wangui ndiye aliyemkata kitovu. Baba wa mtoto, kibarua wa shamba la maua, alikuwa amekimbilia Kisumu na simu yake haikushikwa tena.

Kwa hiyo Akeyo alitoka katika zile fujo na kila kitu chake. Majirani walimwambia Mungu anampenda, naye aliamini.

Moto wenyewe ulikuja Februari, mchana, jua likiwa kali na upepo ukishuka kutoka Eburru. Wapo waliosema ni wachoma makaa, wapo waliosema ni warina asali waliofukiza nyuki wakaacha kijinga cha moto. Hakuna aliyewahi kujua, na moto haukungoja kuulizwa. Ulishuka kwenye vichaka vya leleshwa, ambavyo majani yake yana mafuta na hushika upesi, ukaruka barabara na kupiga majani makavu nyuma ya nyumba ya Akeyo. Waithaka, Wangui na watu wengine wachache walipambana nao kwa matawi na magunia yaliyoloweshwa. Mzee aliingia ndani akatoa kitanda, akarudi akatoa sufuria na sanduku la nguo za mtoto, mara ya tatu Wangui akamshika shati na kumzuia. Nyusi zake zote ziliungua. Upepo uligeuka ukaacha nyumba ya Waithaka ikiwa na masizi tu ukutani, lakini ya Akeyo ilikwisha kabla ya chai kuchemka. Lile dirisha lilipasuka likamwagika chini.

Akeyo hakulia pale. Alilia siku ya pili, alipojikuta anatafuta kitambaa cha kupangusia kioo.

Walijenga kibanda cha karatasi ngumu za plastiki zilizotupwa na shamba la maua, zile zinazofunika nyumba za waridi. Mchana kibanda kilipika watu, alfajiri kilitona maji ndani. Mtoto alianza kukohoa. Na Ouma akapiga simu kutoka Siaya, sauti yake ikiwa ya upole kuliko ilivyowahi kuwa, akisema amesikia habari, pole sana, na kwamba kuna mnunuzi wa shamba ambaye amejitokeza. Akeyo alimwambia anajenga. Ouma akamwuliza anajenga kwa nini, kwa majivu? Akampa muda mpaka Pasaka ipite.

Hapo ndipo msaada ulipotokea, na ulitokea kama msaada unavyotokea siku zote, ukiwa na masharti. Kamati ya makanisa na wafanyabiashara wa Nakuru ilikuwa imechangisha vifaa vya kuwajengea upya watu waliochomewa nyumba. Aliyekuja Ndabibi kuieleza alikuwa Jagdish, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye ukoo wake ulikuwa ukiuza misumari Nakuru tangu siku za mkoloni. Alisimama katika uwanja wa shule ya msingi akiwa na kofia ya jua, akasema kwa Kiswahili safi kwamba mwenye nyumba atapata mbao, mabati, misumari na saruji, na fundi atalipwa nusu kazi ikianza na nusu nyumba ikikamilika. Watu wakapiga makofi. Kisha akaongeza kwamba msaada huo ni wa waliochomewa katika fujo, kwa sababu waliochanga walichangia hao. Kila mwenye kuomba aje na shahidi.

Akeyo alisimama pale na mikono imekunja kanga. Kama ungemwangalia usoni ungedhani hajasikia. Alikuwa amesikia vizuri sana. Wakati watu walipokuwa wakimfukuza kwa sababu ya kabila lake, nyumba yake ilibaki. Sasa imeungua, na imeungua kwa kosa la upepo, na upepo hauna fungu katika kamati.

Waithaka alirudi naye njiani siku hiyo. Walipofika kwenye ua akasimama.

"Mama Shantel, wewe sema tu ni watu walichoma, ile Januari. Hukuwaona. Ulikuwa umejificha kwangu, si hiyo ni kweli?"

Akeyo akasema hawezi kumsingizia mtu.

"Mtu gani? Hakuna jina hapo. Mimi nitakuwa shahidi. Mimi Mkikuyu nikisimama niseme ni watu wetu walichoma, nani atabisha? Mtu hadanganyi dhidi ya watu wake."

Na hapo ndipo mzee huyu mwerevu alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine, au wa mwaka mwingine, asingelifanya. Alifikiri ushahidi wake ungekuwa na nguvu kwa sababu ulitoka upande wa pili wa ua. Alikuwa sahihi, ulikuwa na nguvu. Hakujiuliza nguvu hizo zingemwangukia nani. Wangui ndiye aliyejiuliza. Alisema jambo hilo ni la kuchezea kaa la moto, kwamba Ndabibi ni padogo na vijana wana masikio. Waithaka akamwambia anatia hofu mahali ambapo hakuna hofu. Akeyo alikataa siku hiyo. Mtoto akakohoa wiki nzima, Ouma akapiga simu tena, na mawingu yakaanza kujikusanya juu ya vilima vya Mau. Akakubali.

Walisafiri pamoja hadi Nakuru, kwenye ofisi ya kamati iliyokuwa juu ya duka la Jagdish. Akeyo alisema maneno machache akiangalia chini: hakuwaona, alikuwa amejificha. Ingetosha kabisa. Lakini Waithaka alipopewa nafasi ya kusema alisema kama Waithaka. Alitia chumvi. Alisema aliona pikapu, alisikia sauti, aliona vijana wakimwaga mafuta ya taa, mmoja akiwa amevaa koti jeusi. Akeyo alimkanyaga mguu chini ya meza na mzee akausogeza mguu wake akaendelea. Jagdish alivua miwani akaipangusa. Akampa mkono, akasema Kenya ingekuwa na wazee kumi wa namna hiyo isingefika ilipofika. Waithaka alirudi Ndabibi kichwa juu, akaisimulia ile sehemu ya miwani kwa kila aliyenunua maziwa.

Jambo ambalo hawakulitilia maanani ni kwamba ushahidi wa uchomaji ulikuwa unapelekwa kwa polisi. Waliambiwa, lakini waliambiwa mwishoni, wakiwa wameshasimama na Akeyo akitafuta mwavuli.

Vifaa vya kwanza vilifika upesi. Fundi alikuwa Sitati, Mluhya wa Naivasha, mtu wa kazi safi asiyependa kuangaliwa akifanya. Nguzo zilisimama, kuta za mbao zikapanda, na Akeyo akarudi kuwa mtu. Alipika uji wa mafundi, akabishana na Sitati kuhusu upana wa mlango, akampigia Ouma simu mwenyewe na kumwambia aje aone. Wangui alileta maziwa ya mafundi bure. Ilikuwa imebaki paa, na mabati yalikuwa yanatarajiwa Alhamisi.

Jumatatu ya wiki hiyo askari wawili walifika kwa Waithaka wakati anakamua. Hawakuwa wakali. Walisema wamesoma maelezo yake, ni maelezo mazuri, na kwamba mtu aliyeona koti bila shaka aliona na uso. Wanataka majina. Waithaka akasema kulikuwa na giza. Wakamwuliza kama kulikuwa na giza aliona vipi rangi ya koti. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mzee akakosa la kusema, na kukosa kwake kukaonekana kama kuficha. Walimchukua, wakisema atakaa nao mpaka akumbuke. Ndoo ya maziwa ilibaki nusu chini ya ng'ombe.

Wangui alipita kwenye njia ya ua na kumkuta Akeyo akiosha sufuria. Alimweleza yote bila kupandisha sauti. Kisha akasema, "Nenda uwaambie ni moto wa msitu. Wewe ndiye mwenye nyumba, wewe watakusikia."

"Nitaenda kesho asubuhi," Akeyo akasema.

Na alikusudia kwenda. Huo ndio ukweli wake na haufai kumsaidia. Usiku ule alipiga hesabu nyingine kichwani. Akisema ni uongo, mabati hayaji. Mabati yasipokuja, kuta zitanyeshewa, Sitati ataondoka, Ouma atauza. Mtoto alikuwa amelala kifuani mwa mama yake akipumua kwa kukwaruza, na Akeyo alimsikiliza mpaka kukapambazuka. Asubuhi akajiambia polisi hawawezi kumweka mtu mzima bila sababu, watamwachilia leo. Akampeleka mtoto zahanati badala ya kwenda kituoni. Jumatano mvua ya kwanza ikanyesha, akashinda akikinga mbao kwa karatasi. Wangui alipita barabarani na kikapu cha chakula cha mahabusu, akageuza uso kuelekea nyumba mpya, hakusimama. Akeyo alimwona. Alijiambia: mabati yakifika tu. Yakishafika nitakwenda siku hiyo hiyo.

Alhamisi lori lilikuja, mabati yakashushwa. Sitati alipiga misumari mpaka giza likaingia na siku ya pili akamalizia. Akeyo alisimama chini akimpa misumari mmoja mmoja, na moyo wake ulikuwa unampiga kwa furaha na kwa aibu, asijue kipi ni kipi. Msumari wa mwisho ulipoingia alivaa gauni la kanisani na kwenda kituoni kwa miguu mpaka alipopata gari.

Aliwaambia kila kitu: leleshwa, upepo, magunia yaliyoloweshwa, nyusi za mzee. Ofisa aliandika, akamwuliza kama anajua kudanganya ni kosa, akasema anajua, akamwuliza kwa nini anasema leo na si juzi. Walimwachilia Waithaka Jumamosi.

Lakini habari zilikuwa zimemtangulia mzee ndani ya mahabusu. Huko walikuwamo vijana waliokamatwa kwa mambo ya Januari, na walikuwa wameambiwa kwamba huyu mzee ndiye anayewauza watu wake. Walimvunja mkono wa kulia. Si askari, ni vijana ambao lugha yao ni moja na yake. Ulipofungwa ulifungwa vibaya, na bandeji ilipotoka vidole vilibaki wima, havikunji. Mtu wa ng'ombe wa maziwa asiyeweza kukunja vidole amebakiwa na nini? Wangui akaanza kukamua peke yake.

Jagdish alikuja Ndabibi mwenyewe, bila kofia safari hii. Alizunguka nyumba mara moja akigusa mbao kwa kiganja. Akeyo alimngojea amtukane, na mzee hakutukana. Alisema kuna familia inalala kanisani Nakuru ambayo mabati haya yalikuwa yake. Alisema hawezi kung'oa paa juu ya mtoto mchanga, kamati itamlaumu na alaumiwe tu, lakini milango na madirisha hayatakuja na fundi hatalipwa nusu iliyobaki. Alipofika kwenye gari akageuka.

"Ungekuja dukani ukaniambia ni moto wa msitu, mama, ningeangalia. Pengine si yote. Lakini ningeangalia."

Labda angeangalia. Ni maneno mepesi kwa mtu mwenye duka, na Akeyo hakuwahi kujua kama ni ya kweli. Hata hivyo yalimkaa rohoni. Alitundika gunia mlangoni, akamlipa Sitati kwa kitanda kile kilichookolewa motoni, na wao wakalala sakafuni.

Kwa Waithaka mambo hayakutulia. Mkahawa wa sokoni ukaacha kununua maziwa yake, wenye mkahawa wakisema wana mtu mwingine. Waliokuwa wakinunua kikombe kikombe nao wakapungua. Asubuhi moja kabeji zake zote zilikutwa zimekatwa vichwa na kuachwa zimelala shambani. Akeyo alipoona hivyo alisimama kanisani Jumapili, mbele ya watu wote, akasema kwa kinywa chake kwamba hakuna aliyechoma nyumba yake, mzee hakumtaja mtu yeyote, uongo ulikuwa wa kutafuta mabati na yeye ndiye aliyeula. Watu walimsikiliza kwa adabu. Baadaye nje akawasikia wakiambiana kwamba moto waliuona, lakini mzee aliwataja vijana kwa polisi; huyu ni lazima amtetee, si alifichwa ghalani, sasa analipa fadhila. Kwamba mzee aliwauza watu wake walikuwa wameamini siku ya kwanza tu, bila kuapishwa. Ukweli haukupata hata mtu mmoja.

Mwezi wa Mei Waithaka aliuza ng'ombe mmoja, na shamba akalikodisha kwa mtu wa Naivasha. Walikuwa wanahamia Ol Kalou kwa kaka yake Wangui. Akeyo alipita kwenye njia ya ua kuwasaidia kupakia. Alibeba magodoro, alibeba jiko, alibeba mitungi, alibeba vitu ambavyo vijana wa gari walimwambia aviache. Waithaka alikuwa amekonda, lakini alipomwona alijaribu kuwa yule wa zamani. Alimwambia nyumba imetoka vizuri kuliko ile ya kwanza, akamwonya asimruhusu Sitati kumtengenezea mlango maana atatengeneza wa kupita twiga. Akampa mkono wa kushoto. Akeyo aliushika kwa mikono yake miwili, akainama, na hapo akalia mbele ya watu wote bila kujificha. Mzee naye akamwambia basi, mama, basi, imeisha, kama anavyobembelezwa mtoto.

Wangui alikuwa wa mwisho kutoka. Alifunga mlango, akampa ufunguo yule mpangaji, akafika pale Akeyo aliposimama kando ya gari. Akeyo akaanza kuomba msamaha kwa ajili ya ule uongo. Wangui akamkatiza kwa kumwekea mkono begani, taratibu.

"Uongo tulipanga wote, hata mimi nilinyamaza. Hiyo siwezi kukulaumu. Lakini nilikuja kwako Jumatatu, Mama Shantel. Nilikuomba." Akavuta pumzi. "Ulingoja mabati kwanza."

Akeyo akasema ndiyo, alingoja. Wangui akapanda mbele kando ya mumewe, na gari likashika barabara ya Naivasha likiinua vumbi mpaka likapotea nyuma ya miti.

Jioni ile ilinyesha mvua kubwa. Shantel alimlaza mtoto katikati ya chumba na kusema, kwa furaha ya mtu aliyechoka kulowa, kwamba hakuna mahali panapovuja. Akeyo alikuwa ameketi ukutani, anausikiliza ule mdundo juu ya paa. Alimwambia bintiye ni kweli, hapavuji hata tone.